Mngurumo kwenye sabufa na homu theta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Tanga

Maswali haya ni yale ambayo watu wa Tanga mjini huyarudia kila muziki wa nyumbani unapoanza kuunguruma. Usome ukijua msimamo wangu: karibu kila mngurumo una mlango mmoja ulioingilia, na mlango huo hupatikana kwa kuchomoa na kusikiliza, kabla hujatoa hata shilingi. La pili ni kwamba ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, haikatwi, hata kama kuikata kunaleta ukimya.

## Kuutambua

Mngurumo ni nini, na unatoka wapi?

Umeme wa gridi tunaoutumia ni wa volti 230, na mawimbi yake hujirudia mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Uwe umetoka Hale, Pangani au mikoa ya mbali, ni hezi 50 zilezile. Chembe ndogo ya umeme huo ikipenya kwenye njia ya sauti, amplifaya haiwezi kujua kuwa hiyo si muziki. Inaikuza na kuipeleka kwenye spika pamoja na wimbo.

Sabufa ndiyo hutangulia kuonyesha kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya sauti nzito. Spika ndogo za pembeni zinaweza kukaa kimya kabisa huku sabufa inatikisa kabati. Kwa hiyo usiseme haraka "sabufa ni mbovu"; mara nyingi ni mpiga ripoti tu wa tatizo lililo kwingine.

Nasikia "mmmm" nzito, jirani yangu anasikia "zzzz". Ni tatizo lilelile?

Si lazima. "Mmmm" laini na nzito ni hezi 50, na kwa kawaida hutokana na waya wa sauti, ethi, au transfoma iliyo karibu mno na waya. "Zzzz" yenye makali ni hezi 100 na vigawe vyake vya juu, kama 200 na 300; hiyo hutokea kapasita za ndani (vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda) zikichoka, au pakiwa na regulata ya feni au taa inayokatakata umeme. Kipimo hiki hakitoshi kuhukumu, maana mzunguko wa ethi (umeelezwa chini) nao unaweza kutoa sauti yenye makali, lakini kinakuonyesha pa kuanzia.

"Shhhh" kama ya upepo ni kelele ya kawaida ya amplifaya. Punguza sauti ya sabufa, ongeza ya king'amuzi au simu, itafifia. "Tititi, tititi" ni simu iliyolazwa juu ya spika wakati inawasiliana na mnara kwa mtandao wa zamani wa 2G. Isogeze.

Nianze kwa kufanya nini?

Zima feni, zima TV, kaa karibu na sabufa ikiwa imewashwa bila wimbo. Pandisha na kushusha sauti. Mngurumo ukipanda na kushuka pamoja na kitufe, umeingia kabla ya kitufe: kwenye chanzo, kwenye waya wa sauti, au kwenye ethi ya vifaa vilivyounganishwa. Ukibaki palepale hata sauti ikiwa sifuri, unatoka ndani ya amplifaya yenyewe, na majibu yako yako kwenye sehemu ya "Ndani ya sabufa". Ila baadhi ya sabufa zina vitufe viwili, cha jumla na cha besi, vipime vyote.

Kisha zima sabufa, chomoa waya zote za sauti zinazoingia, iwashe tena. Zima kwanza kwa sababu ncha ya katikati ya plagi ya AV hubaki imegusa baada ya ukingo wa nje kuachia, na mlipuko wa sauti unaotoka hapo unaweza kuumiza spika. Pakiwa kimya, sabufa yako ni nzima. Rudisha waya mmoja mmoja: TV, sikiliza, king'amuzi, sikiliza, kompyuta, sikiliza. Ule utakaorudisha mngurumo ndio mlango.

Bado hujamaliza. Huo waya ulioleta mngurumo uache kwenye sabufa, uchomoe upande wa pili kwenye chanzo, ukae bila plagi yake kugusa chuma. Hapo patavuma kidogo, ni kawaida kwa waya ulio wazi. Sasa uunganishe na simu yenye wimbo, isiyo kwenye chaja. Wimbo ukitoka safi, waya ni mzima na tatizo ni kile chanzo au ethi yake. Ukitoka na mngurumo, badilisha waya.

Watu wengi wanaruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kununua. Nasikitika kila ninapoona sabufa nzima imeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya waya ambao ungebadilishwa kwa hela ya chai.

Nikigusa ncha ya plagi kwa kidole, sabufa inanguruma sana. Ni hatari?

Ni kawaida. Mwili wako unanasa mawimbi ya umeme wa nyumba na kuyapitisha kwenye ncha. Mafundi hutumia mguso huu kujua kama amplifaya inapokea. Lakini ukihisi kuchomwa au kutetemeshwa, soma swali la king'amuzi kinachotetemesha mkono, chini kwenye sehemu ya ethi.

Mngurumo hautoki kwenye spika, unatoka kwenye boksi. Je?

Chomoa waya za spika kama zinachomoka, kisha tega sikio kwenye boksi. Ukiendelea kusikia, ni transfoma inatetemeka yenyewe. Kaza skrubu zake (kifaa kikiwa kimechomolewa ukutani), weka kipande cha mpira chini ya miguu ya boksi. Haiharibu muziki. Kama sauti hiyo imeanza siku mlipoanza kutumia inveta, tazama swali la sola.

## Waya wa sauti

Sabufa ilikuwa safi tangu nimenunua, sasa inaunguruma bila kubadilisha chochote. Kwa nini?

Ukikaa Raskazone, Sahare au popote upepo wa bahari unapofika ndani, anza na plagi. Chumvi ya hewani inakula chuma polepole. Chomoa plagi ya AV uiangalie mwangani: ukingo wa nje, ule wa mviringo unaokumbatia jeki, utauona umepoteza mng'ao na kupata madoa ya kijani. Ukifungua kifuniko cha plagi iliyokaa miaka kando ya bahari, utakuta ule usuka wa nyuzi za shaba umekuwa mweusi na nyuzi nyingine zinadondoka kama unga ukizigusa kwa ukucha.

Usuka huo una kazi mbili: kurudisha mkondo wa sauti, na kuuzuia umeme wa nje usiufikie waya wa ndani. Ukikatika, wimbo bado unaweza kusikika kwa mbali kwa njia nyingine, huku mngurumo ukiwa mkubwa kuliko wimbo. Dalili yake ni hii: ukiukunja waya karibu na plagi, mngurumo unakatika na kurudi.

Plagi yenye kutu kidogo isugue kwa kitambaa chenye spiriti, izungushe ndani ya jeki mara kadhaa. Usuka ukishaoza, nunua waya mpya. Kuunga kwa kusokota na selotepu hakudumu hata masika moja.

Waya ghali una faida?

Kwa mngurumo, faida iko kwenye usuka wa nje ulio mnene na plagi inayokaza. Zaidi ya hapo unalipia urembo. Usinunue ule mwembamba unaokuja na vifaa vya bei ya chini, ambao ndani yake una nyuzi chache tu zilizozungushwa badala ya usuka.

Waya zangu zote zimefungwa fundo moja nyuma ya TV. Kuna ubaya?

Upo. Waya wa umeme uliolala sambamba na waya wa sauti kwa mita nzima unaupa nafasi ya kunasa hezi 50. Zitenganishe walau kwa shibiri moja. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba. Ziada ya waya wa sauti usiizungushe juu ya stebilaiza au adapta ya king'amuzi, maana transfoma zake zina sumaku inayoingia moja kwa moja kwenye duara la waya. Sogeza adapta kwa mkono huku unasikiliza; kama mngurumo unabadilika, umeshapata jibu bila gharama.

## Ethi, dishi na mzunguko

Mzunguko wa ethi ni kitu gani?

Hutokea vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti vinapokuwa na njia mbili tofauti za kwenda ardhini. Tuseme una amplifaya ya plagi ya pini tatu, na kompyuta ya mezani yenye pini tatu kwenye soketi ya ukuta mwingine. Amplifaya imeshika ethi kwa njia yake, kompyuta kwa yake, na usuka wa waya wa sauti umeziunganisha. Hizo ethi mbili hazilingani kamwe kwa usahihi. Tofauti ya sehemu ndogo ya volti inatosha kusukuma mkondo kwenye usuka. Mkondo huo una hezi 50, nawe unausikia.

Ndiyo maana kila kifaa kikiwa peke yake kinakuwa kimya, na ubaya unaanza vikiunganishwa.

Dawa ya kwanza ni kuchomeka vifaa vyote vya muziki kwenye ekstensheni moja nzuri yenye ethi, kutoka soketi moja. Njia za ethi zinakuwa fupi na tofauti inapungua. Watu huogopa kwamba soketi itazidiwa. TV, king'amuzi na sabufa ya nyumbani kwa pamoja haziukaribii uwezo wa plagi ya ampea 13, ambayo ni kama wati 3,000. Pasi na birika ndivyo visichomekwe hapo.

Nikichomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, mngurumo unaisha. Nifanye nini?

Kwa hapa Tanga hili ndilo ninalokutana nalo kuliko yote, na lina sababu. Dishi limefungwa kwenye bomba la chuma, bomba limegusa bati au limechimbiwa ukutani, na ukuta ukilowa unapitisha mkondo kwenda ardhini. Usuka wa waya wa dishi unaanzia kwenye chuma hicho na kuishia kwenye mwili wa king'amuzi. Tayari una ethi ya pili ambayo hakuna fundi aliyeipanga. Wengine huona mngurumo unakuja na mvua na kuondoka na jua. Ni ukuta huohuo unaolowa na kukauka.

Kwanza panda ukaangalie. Maungio ya waya yaliyo nje, plagi iliyoingia maji, waya uliochubuka kwenye ukingo wa bati: hayo rekebisha kabla ya yote. Nyumba moja pale Chuda waya ulikuwa umepitishwa chini ya bati lenye makali; ganda lilikatwa kidogokidogo kwa upepo mpaka usuka ukawa unasugua bati lenyewe. Kuukata pale, kuuunga upya kwa plagi nzuri na kuufunika kwa mpira kulimaliza kelele yote.

Kama dishi liko sawa na mngurumo upo, tenganisha kwenye upande wa sauti, kama jibu linalofuata linavyoeleza. Usiweke kitenganishi cha antena ya kawaida kwenye waya wa dishi. Waya huo hupandisha volti 13 au 18 kwenda kwenye kichwa cha dishi, na vitenganishi vingi vya antena huzuia umeme huo. Utapata ukimya, na utapoteza picha.

Radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa dishi pamoja na plagi ya ukutani. Hilo halihusu mngurumo, ila nisingependa usome kuhusu dishi ukaishia hapo bila kulijua.

Kuna kifaa cha kukata mzunguko bila kugusa ethi?

Kipo, na ni njia salama. Ni kiboksi kidogo chenye transfoma mbili za sauti ndani, jeki za AV upande huu na upande ule. Sauti inapita kwa sumaku, waya hazigusani, mzunguko umekatika. Kinakaa kati ya chanzo na sabufa. Vya bei ya chini kabisa hula sauti nzito, besi inakuwa nyembamba, kwa hiyo kijaribu dukani na wimbo unaoujua.

Njia bora zaidi, kama TV yako ina tundu lake, ni waya wa mwanga, ule unaowaka nukta nyekundu kwenye ncha. Mwanga haubebi umeme, basi hauna cha kuunguruma. Homu theta nyingi zina tundu la kuupokea. Sabufa za kawaida hazina, na hapo utahitaji kigeuzi cha kurudisha mwanga kuwa waya wa AV.

Nimeweka waya wa mwanga na kigeuzi, bado inaunguruma!

Angalia kigeuzi kinapata umeme wapi. Vingi hutumia volti 5 za USB, na mtu huchomeka kwenye USB ya TV kwa kuwa iko karibu. Waya huo wa USB unaunganisha tena mwili wa TV na sabufa, na kazi yote ya mwanga imepotea. Kipe chaja yake ya simu, tena iliyo nzuri. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naliuliza kabla ya lolote.

Fundi amenishauri nikate pini ya ethi, na kweli kumekuwa kimya. Niache hivyo?

Hapana. Rudisha leo.

Pini ile ipo ili waya wa moto ukigusa mwili wa kifaa, mkondo ukimbilie ardhini na breka ikate. Ukiiondoa, kifaa kinaendelea kufanya kazi kama kawaida kikiwa na volti 230 kwenye chuma chake, na kinasubiri mtu wa kukigusa. Tena hakiishii hapo: usuka wa waya wa sauti utabeba volti hizo mpaka kwenye king'amuzi, kwenye dishi, na kwenye kila chuma kilichounganishwa. Mtoto atakayegusa plagi ya AV sakafuni, miguu ikiwa na maji, hana ulinzi wowote. Hakuna wimbo wenye thamani hiyo.

Ukimya ulioupata ni uthibitisho kwamba una mzunguko wa ethi. Chukua uthibitisho huo, rudisha pini, ukate mzunguko kwa kiboksi cha transfoma au waya wa mwanga, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Nimepanga. Soketi zina matundu matatu, ila nasikia ethi hakuna. Nitajuaje?

Tundu la tatu si ushahidi. Nyuma yake waya unaweza kuwa haupo. Mtu anayejua kutumia mita apime: kati ya moto na nyutro ipatikane karibu 230, kati ya moto na ethi ipatikane karibu ileile, kati ya nyutro na ethi volti chache tu. Moto na ethi ikionyesha namba ndogo inayoyumba, ethi haipo au imeoza. Usipime mwenyewe kama hujawahi kushika mita kwenye umeme wa ukutani.

Baada ya mita ya LUKU, waya za ndani na fimbo ya ethi ni za mwenye nyumba, si za TANESCO. Mwambie, na mpendekezee fundi mwenye leseni ya EWURA. Eleza kwamba ni usalama wa nyumba yake. Hoja ya muziki peke yake haisikilizwi. Fimbo zilizo kwenye mchanga mkavu au mwamba wa matumbawe hushika ardhi kwa taabu, hasa kiangazi, na kiungo chake cha juu huliwa na kutu ya chumvi. Huko ndiko kwa kuangalia kwanza.

Nikigusa king'amuzi au TV kwa nyuma, mkono unatetemeshwa kidogo. Ina uhusiano na mngurumo?

Ina uhusiano mkubwa. Vifaa vya pini mbili havina ethi, na ndani yake kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele zinazounganisha umeme na mwili wa kifaa. Mita inaweza kusoma kama volti 115 kwenye chuma chake, nusu ya umeme wa ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno kukuumiza kama kifaa ni kizima, lakini unatosha kukutekenya na kuingia kwenye waya wa sauti. Jaribu kugeuza plagi ya pini mbili upande wa pili. Mara nyingine mngurumo unapungua. Kugusa chuma cha sabufa na kusikia mngurumo ukishuka ni dalili ileile.

Kama ni mtetemeko wenye nguvu unaokufanya uondoe mkono kwa kushtuka, acha kutumia kifaa hicho mpaka kipimwe.

## Vifaa fulani

Laptopu inaunguruma ikiwa kwenye chaja tu.

Chomoa chaja, sikiliza filamu kwa betri: hapo umeshapata mlango. Ukitaka iendelee kuchajiwa, tumia kiboksi cha kutenganisha kilichoelezwa juu, au peleka sauti kwa bluetooth. Jibu ni lilelile kwa simu iliyo kwenye chaja huku imechomekwa waya wa jeki.

USB na bluetooth ni safi, ila FM inavuma.

Hilo halihusu ethi. Redio inanasa kelele za taa za LED za bei ya chini, chaja, au adapta. Zima taa moja moja. Kisha nyoosha kile kiwaya cha antena, kipeleke karibu na dirisha, mbali na TV.

Nina santuri za zamani na mashine ya kuzipiga. Inaunguruma vibaya.

Tafuta waya mwembamba wa ziada unaotoka kwenye mashine, wenye ncha ya uma. Ufungwe kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Mashine pia isikae karibu na transfoma, kwa kuwa kichwa cha sindano yake kinanasa sumaku. Inafaa kuhangaikia: taarab ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapahapa Tanga, ina sehemu ambazo vyombo vinashuka kumpisha mwimbaji, na mngurumo hukaa hasa katika nafasi hizo.

## Umeme wenyewe

Mchana kimya, saa moja jioni inaanza, usiku wa manane inaacha. Kwa nini?

Pima umeme saa hiyo. Jioni kila mtu amewasha, na ukiwa mwisho wa laini volti zinashuka. Ndani ya sabufa nyingi, saketi ya bluetooth na USB hutumia volti 12 zilizotulizwa na kidhibiti kidogo, ambacho kinahitaji ziada ya volti mbili hivi ili kifanye kazi. Transfoma ya volti 12 ikipata 230 kamili, baada ya umeme wake kunyooshwa (kugeuzwa kutoka mawimbi kuwa DC) hutoa kama volti 16, na kidhibiti kinapumua. Umeme ukishuka hadi 180, hizo 16 zinakuwa 12 hivi. Kidhibiti kinashindwa, na mawimbi ya umeme yanapita hadi kwenye sauti. Usiku laini ikipata nafuu, ukimya unarudi.

Stebilaiza inasaidia hapa kweli. Iweke mbali na sabufa, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la fundo la waya. Kama majirani wote wana shida hiyo, toeni taarifa TANESCO pamoja. Malalamiko ya nyumba nyingi za laini moja yanaonyesha tatizo liko wapi.

Feni ikiwa namba mbili inavuma kwenye spika, ikiwa namba tano haivumi.

Ni regulata. Zile za elektroniki hupunguza mwendo kwa kukata vipande vya umeme, mara 100 kwa sekunde. Kwa mwendo wa mwisho mara nyingi hazikati kitu. Badilisha regulata, au chomeka muziki kwenye soketi za saketi nyingine. Joto la Januari Tanga sitakushauri uzime feni.

Nikitumia sola, sabufa inavuma na boksi lake pia linatetemeka.

Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini. Umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi, na kila ngazi huzaa kelele. Transfoma ya sabufa huitikia kwa kutetemeka. Inveta ya wimbi laini huondoa tatizo. Kama sabufa yako ina tundu la volti 12, iunge moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 kwa waya wenye fyuzi uipite inveta kabisa.

## Ndani ya sabufa

Inaunguruma hata bila waya wowote, hata sauti ikiwa sifuri.

Mshukiwa wa kwanza ni kapasita kubwa za umeme, zile za mviringo zilizo jirani na transfoma. Kazi yake ni kujaza mashimo kati ya wimbi na wimbi. Zikikauka kwa joto na umri, mashimo yanabaki na unasikia hezi 100. Fundi akifungua ataona kilele kilichovimba au ute wa kahawia chini yake. Wakati mwingine haionyeshi kitu na ni lazima ipimwe.

Ibadilishwe kwa yenye maikrofaradi zilezile au kuzidi kidogo, na volti zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Omba yenye maandishi ya nyuzi joto 105. Upande wa hasi ufuatwe, ikigeuzwa hupasuka. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi, hivyo kazi hii mwachie fundi wa elektroniki.

Kama kapasita ni nzima, sehemu inayofuata ni diodi za kunyooshea umeme, halafu maungio ya lehemu yaliyopasuka kwenye jeki na kitufe cha sauti.

Nitengeneze au ninunue nyingine?

Kapasita mbili na saa moja ya fundi ni nafuu mno kuliko sabufa mpya. Ikiwa transfoma imeungua au saketi kuu imeliwa na kutu, mwambie akupe bei kabla hajaanza.

## Yasiyo ya kawaida

Nasikia redio kwa mbali ndani ya mngurumo, hata FM ikiwa imezimwa.

Waya mrefu wa sauti au wa spika umekuwa antena. Ufupishe, kisha bana kipande cha feraiti, kile kidude cheusi kinene kinachoonekana kwenye waya za chaja, karibu kabisa na sabufa. Usuka uliolegea kwenye plagi huleta jambo hilihili.

Nimevuta sauti kutoka sebuleni hadi uani kwa ajili ya shughuli, mita kama ishirini. Mngurumo umezidi.

Waya wa AV haukuundwa kwa urefu huo. Hamishia amplifaya na chanzo pamoja huko uani, kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kisha urefu uwe wa waya za spika, ambazo kwa mngurumo haziogopi umbali huo. Kama ni lazima chanzo kibaki ndani, azima kwa watu wa muziki waya wa pini tatu wa maikrofoni pamoja na viboksi vyake vya kugeuzia. Waya huo hubeba sauti kwa nyuzi mbili zinazopingana, na kelele iliyonaswa njiani hujifuta ikifika. Ekstensheni ikipita uani, maungio yake yainuliwe juu ya ardhi na yafunikwe.

Nimefuata yote. Kumebaki kamngurumo nikiweka sikio kwenye spika.

Ukirudi kwenye kochi unakasikia? Kama hukasikii wakati filamu imetulia na feni imezimwa, acha. Hakuna amplifaya isiyo na sauti yake ndogo, na kila plagi unayoendelea kuchomoa na kuchomeka inazidi kulegea.